Mgomba Uliovaa Shati

Chipukizi lilitokeza juu ya kaburi la Audax wiki ya pili ya Januari, na hadi Pasaka Klaudia hakumwambia mtu. Aliliona asubuhi, ukungu wa ziwani ukiwa bado umelalia kijiji chote cha Kishanda, saa ile ambayo mtu akitembea kibanjani, kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, haoni miguu yake mwenyewe na migomba inaonekana kama inaelea. Alikuwa na mundu mkononi, anakwenda kuwakatia mbuzi majani. Akaona kitu cha kijani, chembamba, kimejisokota kama karatasi ya kufungia karanga, kimetoboa udongo pale hasa ambapo kingekuwa kifua cha mumewe, kama mumewe angekuwamo.

Maana Audax hakuwamo. Hilo Kishanda nzima ililijua, kuanzia katekista hadi wale wanawake wawili ambao kazi yao ni kusahau kila kitu isipokuwa habari za watu. Asiyejua alikuwa mtu mmoja tu, wa miaka tisa, binti yake Evodia. Au ndivyo watu wazima walivyojipangia. Wana mpango huo wa ajabu watu wazima: wakishakubaliana kwamba mtoto hajui, basi kwao imekwisha, hajui.

Audax alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kama baba yake, mwimba besi wa kanisani, mtu mwenye miguu isiyotulia. Mavuno yakiisha alivuka kwenda visiwani kununua dagaa, akarudi kuwauza gulioni. Novemba iliyopita boti waliyopanda ilipigwa na upepo katikati ya maji. Walikuwa saba. Watano walishikilia madumu wakaokolewa, wawili hawakuonekana, na Audax alikuwa mmoja wa hao wawili. Wavuvi walitafuta siku nne. Siku ya tano wazee wa ukoo walikaa, wakaamua kufanya kama inavyofanywa kwao mtu asipopatikana, kwa sababu mji hauwezi kuachwa wazi na mwenye mji hana budi kurudi kibanjani kwake, hata kama ni kwa kuwakilishwa.

Ukaletwa mgomba mchanga wa kimo cha mtu. Ukavikwa shati lake la bluu, lile lililokosa kifungo cha pili, ukaviringishwa kwenye lubugo, nguo ile ya gome la mti ambayo wazee huzikwa nayo. Ukalazwa nyuma ya nyumba, kando ya baba yake na babu yake. Kaburi la namna hiyo halichimbwi sana, na wachimbaji waliishia magotini. Katekista akasali, watu wakatupia udongo, wakaenda kunawa.

Watoto hawaonyeshwi mambo hayo. Evodia alikuwa amepelekwa kwa jirani tangu asubuhi. Jioni akarudishwa, na mama yake akamshika mkono akampeleka mbele ya tuta la udongo mbichi. Akamwambia baba yako amelala hapa, usilie, amepumzika tu. Evodia alilitazama tuta, kisha akamtazama mama yake usoni, kwa muda mrefu kidogo kuliko mtoto anavyomtazama mtu. Tangu jioni hiyo hakusema neno.

Mwanzoni walidhani ni huzuni, itapita. Ikapita Krismasi. Shuleni aliandika vizuri na hesabu alipata, lakini mwalimu akimuuliza kwa mdomo alisimama tu, midomo imebanwa kama mtu aliyebeba maji kinywani. Nyumbani alifanya kazi zake zote. Alimenya ndizi, aliosha vyombo, alifungua mbuzi, na alikula kidogo kuliko kuku. Ushauri ulimiminika, maana ushauri Kishanda haukauki hata kiangazi: mara apelekwe kwa mwombaji, mara achapwe kidogo, mara amelishwa kitu. Klaudia aliwasikiliza wote, akawashukuru, akampeleka Bukoba hospitalini. Walimwangalia koo, masikio, ulimi. Kila kitu kizima. Daktari akawaelekeza chumba cha mwisho cha korido, kwa afisa ustawi wa jamii aliyeitwa Ashura, mwanamke wa Kigoma, mnene, mtaratibu, ambaye hakumuuliza Evodia swali hata moja. Alimpa udongo wa kufinyanga akakaa kando yake akafinyanga wa kwake. Kila Alhamisi ya pili walikwenda, na kila Alhamisi ya pili walirudi kimya kama walivyokwenda.

Mambo yalikuwa hapo chipukizi lilipotokeza.

Sasa, Klaudia alikuwa mkulima. Alijua, kama anavyojua kila mtu aliyezaliwa kwenye kibanja, kwamba mgomba uliokatwa shina ukafukiwa huoza ukawa mbolea, hauchipui. Kinachochipua ni tunguu, lile shina nene la chini ya ardhi, na tunguu hubaki shambani mgomba ukikatwa. Kwa hiyo alichokiona juu ya kaburi hakikuwa na sababu ya kuwapo. Na usiku wa kuamkia asubuhi ile alikuwa amemwota Audax. Alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamtiririka kwenye viwiko, anaomba shati kavu. Klaudia katika ndoto alifungua sanduku, akatafuta, akamwambia mbona shati lako umelivaa wewe mwenyewe. Audax akajitazama, akacheka, akageuka akaenda kibanjani.

Basi mtu akitoka kwenye ndoto kama hiyo akakuta jani linaota kifuani pa kaburi, asilaumiwe sana. Klaudia alichuchumaa akaligusa kwa kidole kimoja. Lilikuwa baridi, na limelowa umande. Akasema kwa sauti ndogo, kwa Kihaya, yale ambayo mke humwambia mume asubuhi. Kisha akaona haya, akaenda kukata majani ya mbuzi.

Kesho yake alisalimia tena. Wiki ya pili likawa na majani mawili, na salamu zikawa mazungumzo. Alimweleza kahawa zilivyochanua mapema mwaka huu. Alimweleza kuwa paa la jiko linavuja palepale aliposema ataziba. Kuhusu Evodia alimweleza kidogo tu. Ukungu uliwafunika wote wawili, jogoo wa jirani akawika kama yuko mbali sana, na kwa dakika chache kila siku Klaudia alikuwa na mume. Alirudi ndani na uso uliokunjuka. Alikuwa na furaha, tuseme ukweli, na furaha yenyewe ilimtisha.

Februari jua likawa kali. Majani ya viazi yakalegea, udongo wa kibanja ukapasuka, lakini mguu wa lile chipukizi ulikuwa umelowa kila asubuhi. Klaudia alitia kidole kwenye tope lile akalinusa. Aliona kama linanuka ziwa. Akafikiri juu ya viwiko vile vinavyotiririka maji, na hakumwambia mtu.

Ikaja asubuhi moja aliyoamka mapema kuliko kawaida. Alipofika pembeni mwa nyumba alimwona Evodia ndani ya ukungu, amechuchumaa, na kikombe cha plastiki cha kijani mkononi. Alikuwa anamimina maji polepole kuzunguka shina, akigeuza kikombe kwa uangalifu ili udongo usitoke. Alipomaliza alitwaa jani la chini akalifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake. Klaudia alirudi nyuma, hatua kwa hatua, akaingia ndani, akajifanya ndiyo kwanza anaamka.

Alikaa kitandani mikono mapajani. Kwa hiyo maji hayakutoka ziwani. Alihisi kitu kimemtoka kifuani, na mahali pake kukaingia hofu nyingine kubwa zaidi. Mtoto anamwagilia kaburi. Mtoto anaamini baba yake anaota. Mimi ndiye niliyemwambia amelala pale, na kinacholala kinaamka, na sasa anamlea baba yake kwa kikombe. Atakapojua huu ni mgomba tu, atabaki na nini?

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi hadi Pasaka.

Jumatatu ya Pasaka alifika Ta Kagaruki, Ta kama wazee wanavyoitwa kwao kwa heshima, baba mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo, kuja kupanga siku ya kumaliza matanga na kujengea kaburi kwa saruji. Alikuwa mzee mkavu, mwenye koti moja la heshima na neno moja kwa kila jambo. Aliuona mgomba. Wakati huo ulikuwa umefika kiunoni kwa mtu, majani saba, wenye afya kuliko migomba yote ya kibanja kile. Mzee alisimama, akavua kofia, akaivaa tena. Akauliza ni tangu lini. Klaudia akajibu. Mzee akasema kaburi linaloota mgomba linataka kutoa mtu mwingine kwenye mji, hajawahi kuona jambo hili na hataki kuliona. Jumamosi, alisema, utang'olewa na kuchomwa, na saruji imwagwe siku hiyohiyo. Ilikuwa rahisi kumchukia kama mtu asingeona alivyokuwa anarudi nyuma kidogo kidogo, akiuacha mgomba mbali. Pastory, mdogo wake Audax, aliyekuwa amemsindikiza, alitazama vidole vyake vya miguu muda wote huo.

Evodia alikuwa dirishani na amesikia yote. Usiku huo hakunywa hata uji.

Alhamisi wakaenda Bukoba. Ashura aliwaacha wapumzike, kisha akamwonyesha Klaudia ubao mkubwa uliowekwa sakafuni. Juu yake Evodia, kwa wiki nyingi, alikuwa amejenga mji wao kwa udongo: nyumba, jiko, mbuzi watatu, mibuni kama vifundo vidogo, na nyuma ya nyumba matuta matatu ya makaburi. Kulikuwa na watu waliotengenezwa kwa majani makavu ya mgomba. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya tuta la tatu. Msichana mdogo alikuwa amewekwa katikati ya mibuni, karibu afichike. Mwanamume hakuwapo.

Ashura akamwonyesha dirishani. Pale palikuwa na beseni la maji la kunawia mikono, na ndani yake, chini kabisa, amefungiwa kijiwe ili asielee, mwanamume wa majani.

"Kila akija anamtia humo," Ashura alisema. "Akiondoka mimi namtoa, namwanika. Akirudi anamrudisha."

Klaudia akasema labda ni kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa kazi za ziwani. Nje Evodia alikuwa ameketi kwenye ngazi, mgongo umenyooka, na zaidi yake ziwa lilionekana lote, jeupe na limetulia kama maziwa yaliyomwagwa.

"Mama Evodia, wewe ulimwambia nini?"

"Kwamba amelala pale nyuma."

"Na wewe unajua yuko wapi?"

Klaudia alitazama beseni. Miezi mitano watu walikuwa wamesema mbele yake msiba, ajali, mapenzi ya Mungu, na yeye aliitikia. Neno lenyewe kinywa chake kilikuwa hakijalitamka.

"Ziwani," alisema. Kisha akalirudia, kwa sababu la kwanza lilikuwa halikutoka vizuri. "Yuko ziwani."

Ashura alisogeza kiti karibu. Akasema, "Basi mwambie hilo unalolijua. Usimwongezee, usimpunguzie."

"Atavunjika."

"Anaweza kulia sana, ndiyo. Mimi nipo Alhamisi ijayo, na ile nyingine, na ile nyingine."

Njiani Klaudia alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza walipokuwa wanangoja gari akaishia kumnunulia senene wa kukaanga. Mara ya pili alifungua mdomo akauliza kama anasikia baridi. Mara ya tatu walikuwa wanashuka kilima cha kuingia Kishanda, jua linazama nyuma ya migomba, mwanga wote umegeuka rangi ya ndizi mbivu, na ilionekana kosa kusema jambo kama lile ndani ya mwanga kama ule. Ijumaa akajidanganya kwamba ana nguo za kufua. Alifua hadi mapazia.

Jumamosi ukungu ulikuja mzito kuliko siku zote. Wanaume walitokea ndani yake mmoja mmoja, kwanza sauti, halafu kofia, halafu mtu mzima, wamebeba mifuko ya saruji, mchanga na sepeto. Ta Kagaruki alikuwa na panga na jembe. Wanawake walikuwa jikoni wanamenya ndizi. Klaudia alimtafuta Evodia chumbani, jikoni, kwa mbuzi. Alipofika nyuma ya nyumba alimkuta amesimama mbele ya mgomba, kikombe cha kijani mkononi, na wanaume kumi wamemzunguka hawajui la kufanya. Hakuwa analia. Alikuwa amesimama tu, kama mtu anayengoja gari, ila hakuna ambaye angeweza kumpita.

Ta Kagaruki alimwambia kwa upole ajiondoe. Evodia hakujiondoa. Mzee akamwambia Klaudia amwondoe mwanawe. Klaudia naye hakumwondoa.

Ndipo Pastory akaketi kwenye lundo la mchanga.

"Ta," alisema, "usiuogope mgomba huo. Kosa ni langu."

Akaeleza, macho chini. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyetumwa kukata mgomba. Alichagua mmoja karibu na jiko, mchanga, ulionyooka, wa kimo kile cha kaka yake. Akainua panga. Akafikiria kwamba baada ya saa moja watu watauita Audax, watauvika shati, watalia juu yake. Mkono ukakataa. Alijaribu mara mbili. Mwishoni akatupa panga, akachukua jembe, akauchimbua mzima na tunguu lake, akalifunika tunguu kwa shati, akaufunga lubugo haraka kabla wazee hawajauona vizuri.

"Sikuweza kumkata kaka yangu," alisema.

Matone yalidondoka kwenye majani. Ta Kagaruki alimtazama Pastory, akautazama mgomba, akamtazama Pastory tena, na miaka yake yote ya kilimo ikapita usoni pake.

"Kwa hiyo hukuuzika," alisema. "Uliupanda."

"Niliupanda, Ta."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo kwa kofia. Mzee mwenyewe alitikisa kichwa, na ikaonekana mzigo umemshuka mabegani. Lakini Klaudia hakucheka. Kwa wote wale jambo lilikuwa limekwisha, ni mgomba tu, uliopandwa na mtu aliyechanganyikiwa kwa uchungu. Kwake Audax alikuwa anakufa pale pale, mara ya pili, mbele ya mifuko ya saruji. Hakukuwa na mtu mlangoni. Hakukuwa na maji kwenye viwiko. Asubuhi zote zile alikuwa anasalimia chakula. Akatamani kumvamia shemeji yake ampige, akatamani pia kumkumbatia, kisha akamwona Evodia anamtazama kwa macho yaleyale ya jioni ya mazishi.

Akapiga magoti mbele yake. Udongo ulikuwa umelowa maji ya kikombe.

"Evo," alisema. "Nilikudanganya. Baba yako hayumo humu. Boti ilipinduka, akazama, wakamtafuta wasimpate. Yuko ziwani. Hapa tulizika mgomba tukauvika shati lake, kwa sababu hatukuwa na kingine cha kuzika. Baba amekufa, mwanangu. Hataota. Haamki."

Alingoja mtoto avunjike. Alikuwa tayari ameshanyoosha mikono kumdaka.

Evodia aliweka kikombe chini. Aliinama akamsogelea mama yake sikioni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu.

"Najua, mae," alisema. "Niliona. Nilitoroka kwa jirani, nikakaa kwenye mibuni. Nilimwona baba mdogo Pastory akiuvisha mgomba shati."

Klaudia alibaki na mikono hewani.

"Nilidhani wewe ndiye hujui," Evodia alisema. "Uliniambia amelala. Halafu kila siku ukawa unakuja kumsalimia. Niliogopa mgomba ukikauka utajua."

Akakigusa kikombe kwa kidole cha mguu.

"Nikisema chochote, hilo ndilo lingetoka. Kwa hiyo nikanyamaza."

Klaudia alimtazama mtoto huyu mwembamba aliyekaa miezi mitano amebana mdomo ili mama yake asijue jambo ambalo mama yake alikuwa analijua, akaamka kabla ya jogoo kuwika ili amwagilie uongo wa mtu mwingine usinyauke. Aliushika mguu wa Evodia, ule uliokuwa na tope, akaushika tu. Wanaume waligeuka wote kwa pamoja wakaanza kushughulika na mchanga ambao haukuhitaji kushughulikiwa.

Aliyeokoa hali alikuwa Ta Kagaruki. Alikohoa, akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuuliza mjumbe wa mkutano, kwamba huyu mwenye mgomba anaonaje kuhusu mgomba wake. Evodia aliufikiria. Akasema kwamba ni wa ndizi za enshakala, na enshakala baba alikuwa hapendi, alisema zikipikwa zinakuwa ngumu. Na pale umekaa karibu mno na mibuni.

Vicheko viliruhusiwa sasa. Pastory akafuta uso kwa mkono, akachukua jembe, akauchimba kwa upole kama siku ile ya kwanza. Ulipotoka ulitoka na shati. Mizizi ilikuwa imepenya kila mahali, shingoni, mikononi, kwenye tundu la kifungo cha pili, na ilibidi Klaudia akae chini aichomoe mmoja mmoja kwa vidole. Nguo ilikuwa imechakaa na kuchanika mgongoni, lakini kola ilikuwa nzima na bluu yake bado inajulikana. Mgomba ukahamishiwa bondeni, kwenye kona ya ndizi za kuuza. Tuta likasawazishwa likapigwa saruji, na juu yake Ta Kagaruki mwenyewe akaandika kwa kijiti jina la Audax, na chini ya jina, baada ya kuwauliza mama na binti kama anaruhusiwa, akaandika: ziwani.

Watu walipokuwa wanakula Klaudia alilifua shati. Maji yalitoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha safi. Akalitundika kwenye kamba nyuma ya jiko, na lilikuwa linatiririka kwenye viwiko. Ukungu ulikuwa umekatika na jua likawa linapita katikati ya majani ya migomba, linacheza juu ya nguo ile, na upepo mdogo kutoka ziwani ukaijaza kidogo kifua, ukaiachia. Evodia alikuja akasimama ubavuni pake. Walitazama matone.

"Mae," alisema. "Siku ile uliniambia nisilie."

"Nilikuambia."

"Sasa tunaweza kumlilia?"

Klaudia alikwenda ndani akaleta mkeka. Akautandika chini ya kamba, wakaketi, mtoto akalaza kichwa mapajani pake kama alipokuwa mdogo zaidi. Wageni waliosikia waliacha kula, kisha wakaendelea, taratibu, bila kuja. Mama na mtoto walilia mpaka shati likakauka.